Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Barua ilikuja Jumanne, imekunjwa mara nne
ndani ya kofia yake kama risiti ya bucha.
Songea. Kuripoti tarehe kumi na tano.
Nyamhanga aliiweka mezani, akaomba chai.
Nikachemsha, nikasahau majani.
Akanywa maji moto yenye sukari. Hakusema kitu.

Hii ni mara ya tano. Nazijua siku hizi:
kuku hugawiwa kwanza, maana kuku hawafungwi boksi,
halafu beseni, halafu kile kinu kizito,
halafu deni la dukani kwa Shehoza,
aliyefungua daftari, akatafuta jina letu,
akauchana ukurasa
na kuufungia karanga.
"Za njiani," akasema.

Miaka sita Tanga.
Siku ya kwanza, godoro likiwa bado mlangoni,
mwanamke alichomoza kichwa juu ya ua wa makuti:
"Waja leo, waondoka lini?"
Nikadhani nafukuzwa. Kwetu Tarime swali ni swali,
lina jibu au lina ugomvi.
Kumbe ameshika bakuli la mihogo ya nazi,
anangoja nicheke.

Sasa wanaonicheka ni wanangu.
"Si kurara, mama," Gati ananisahihisha, "ni kulala."
Wegesa anaendesha baiskeli kaachia mikono,
mkate wa ajemi kwapani,
anauliza kama Songea kuna vilima. Vipo.
"Basi nitapanda kwa miguu, niteremke kama mfalme."
Na huyu mdogo, aliyezaliwa hapa, ana majina mawili:
la kwetu liko kwenye cheti,
la mtaani ndilo analoitikia.

Alhamisi akaja afande wa stoo, kalamu sikioni,
na orodha ya mali ya serikali.
Vitanda viwili. Vipo.
Taa nne. Zinawaka tatu.
Wavu wa dirisha umetoboka;
akaandika: uchakavu wa kawaida.
Nikajiona kwenye kioo cha kabati.
Uchakavu wa kawaida.

"Kitasa, mlango wa nyuma. Hiki kimevunjwa.
Elfu thelathini na tano. Nani kavunja?"

Nyamhanga akanigeukia.
Mwaka ule alikuwa misheni, nchi ya watu, kofia ya buluu,
simu inakata kila neno la tatu.
Nilimwambia tu: kazaliwa, mzima.
Aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa kamba ya mkonge,
nikasema kitasa kimezeeka.
Sikumwambia masika yalivyopiga bati,
uchungu ulivyonilaza sakafuni kati ya jiko na kitanda,
ufunguo uko juu ya kabati, mbali kama nyota,
na watoto wamelala fofofo.
Sikumwambia kwamba Mwanakombo aligonga mara tatu, kwa adabu,
na ya nne akagonga kwa mchi.

"Nimevunja mie," nikasema.

"Muongo huyo!" Sauti ikatoka nyuma ya ua.
Akaingia, unga mikononi.
"Mchi wangu ndio uliovunja. Mtoto alishatoa kichwa,
ningengoja ufunguo? Andika: Mwanakombo."

Afande akatazama karatasi.
Haikuwa na nafasi ya mchi.

Nyamhanga alihesabu noti polepole.
Ya mwisho akaikunja, akaikunjua.
Akamtazama mtoto, akautazama mlango,
kisha akabana visigino kama yuko gwarideni
na kumwamkia Mwanakombo, shikamoo,
kana kwamba hawakuwahi kuonana.
Yule mama, hodari wa maneno,
akajifuta unga kwenye khanga, akajifuta tena.

"Afande," nikauliza, "tukishakilipia, si chetu?"
Akaipekua orodha mbele na nyuma.
Hakuona pa kukataza.

Lori linaondoka alfajiri.
Vikombe nimevifunga kwenye khanga,
khanga nimeitia kwenye ndoo,
na chini kabisa nimekilaza kitasa,
ulimi wake umetoka nje,
haurudi hata ukiusukuma.