Na Mmoja

Saa kumi na moja televisheni hutaja idadi.
Mtaa mzima hushika pumzi, kisha huitoa,
kila mtu kwa namna yake.

Bwana Pickard wa ghorofa ya juu huitoa kwa ukali:
"Zimepikwa hizo! Zimepikwa zikaungwa nazi!"
(Nazi hakuisema. Nazi nimemtilia mimi,
maana matusi yake hayana ladha.)

Denise huiandika kwa kalamu nyekundu
kwenye kalenda yenye picha za paka.
Ikishuka huoka keki. Ikipanda
hula iliyobaki jana, kwa kijiko, amesimama.
Mwanawe huuliza swali lile lile:
baa zitafunguliwa lini?

Na Bi Kantaben wa dukani,
aliyeondoka Kisumu kabla hajaisha kung'oka meno ya utoto,
hunipigia simu: "Ngapi leo?"
Si kwamba hakusikia.
Anataka nimtajie kwa Kiswahili,
lugha aliyojifunzia kuhesabu sukari kwa ratili.

"Mia tatu arobaini na..."
Hapo mimi hukwama.

Kiingereza huibwaga idadi mezani kama chenji.
Kiswahili hakikuachii uondoke, kinauliza: ya nini? Ya nani?
Visa? Basi arobaini na kimoja,
kama kiti, kama kijiko, kama kiatu kilichopotelewa na mwenzake.
Watu? Basi arobaini na mmoja,
na huyo mmoja husimama mwisho kabisa, nyuma ya "na",
kama aliyechelewa foleni,
mita mbili kutoka kwa wenzake.
"Visa vipya leo," nasema.
"Visa vipya," anajibu. "Zamani tungekaa chini tusimuliwe."

Kiangazi nchi ikafunguliwa. Leicester tukafungiwa.
Ramani ikachorwa, na mstari ukashuka
katikati ya barabara yetu:
nyumba za namba shufwa ndani, za witiri nje.
Kinyozi alikuwa witiri.
Bwana Pickard akavuka, akiapa kwamba kirusi hakijui kusoma ramani.
Akarudi shingo nyeupe, akajifungia tena kwa kishindo.
Siku hiyo sikumbishia.

Kwenye foleni ya posta mwanamke mmoja akaeleza chanzo:
"Ni hawa wa viwanda vya kushona,
wanarundikana ishirini nyumba moja, hawa watu wa..."
Akaniona.
Sentensi akaimalizia kwa kikohozi,
na foleni nzima ikaruka.

Mimi hufua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku.
Mashine haiulizi wangapi. Huuliza kilo.
Tukijaza mabehewa mengi kuliko juzi
tunajua idadi ya kesho kabla ya televisheni,
lakini nani atuulize?

Jumanne ikashuka. Ikashuka sana.
Denise akanigongea, akarudi nyuma hatua tatu:
kipande cha keki, juu ya ngazi, chini ya karatasi ya foili.
Bwana Pickard dirishani: "Si nilisema?"
Alisema nini, hata yeye sidhani anakumbuka.
Gari lilipita likipiga honi kama harusini.

Simu haikulia.

Nikaipiga mimi. Akapokea Hitesh, mwanawe.
Wamemchukua alfajiri, akasema. Majibu yametoka.
Aliwaambia wenye gari la wagonjwa wasubiri,
afunge kwanza hesabu za duka.

Kwa hiyo yumo.
Katika idadi hii nzuri, iliyoshuka, iliyookewa keki,
yumo.
Nikazima televisheni nikaitaja mwenyewe, polepole,
kwa sauti ya kupima sukari:
mia moja sitini
na mmoja.

Keki nimeila. Ilikuwa ya ndimu.
Sahani nimeiosha mara mbili kwa maji ya moto,
nimeiweka juu ya ngazi,
nimeiosha tena.