Sefu la Moto

Panapofuka moshi pana moto, tumeambiwa tangu utotoni.
Hakuna aliyetuambia la kufanya
ukitaka moshi peke yake
na moto ukae chumba cha pili, kama mkwe.

Nilianza na tangi la maji moto lililokufa Januari,
likatupwa uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Barton,
theluji ikalivika kofia.
Nililigonga kwa kifundo cha kidole. Likaitika.
Perepetua dirishani akatikisa kichwa:
"Umeleta maiti nyingine."

Maiti za kwanza zilikuwa gereji: nyavu za oveni mbili,
kitanda cha hospitali (nilitaka magurudumu tu),
na bomba lililokuwa mkono wa ngazi za shule
kabla Hamilton haijaivunja shule yenyewe.
Viganja vya watoto vimelilainisha miaka sitini.
Litakuwa dohani.

Na sefu.
Sefu la Petrakis, muuza viatu aliyefilisika,
zito kama deni, namba zake amekwenda nazo.

Lajos wa nyumba ya pili,
miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru la chuma,
alikuja akiburuta mashine ya kuchomelea kwenye kigari cha mtoto.
Tulilitoboa kufuli siku mbili.
Ndani, hata senti.
Kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto, chekundu,
kamba zake zimefungwa.
Lajos alikiweka dirishani, akakitazama kidogo,
akashusha barakoa.

"Bati lenye zinki, hapana," alisema.
"Moshi wake utakufuata mpaka kitandani."
Akakohoa. Sikuuliza.

Mshono wangu wa kwanza ulitoka kama mavi ya mbuzi.
Wa pili, kiwavi mlevi.
Juu ya wa tatu alipitisha kidole gumba, akaguna,
na mguno wa Lajos ni cheti.

Tuliliwasha tupu saa sita nzima, kuunguza rangi na dhambi za zamani.
Jumapili nikaweka kidari cha ng'ombe, kilo tano,
nyama ya bei ya mahari.
Mimi ni mtoto wa Kigoma, nilijisemea,
nimelelewa kwenye moshi wa migebuka;
kumbe nilichojua ni macho kuwasha tu.
Nikabana tundu la hewa kwa pupa,
nikidhani moshi ni kama fedha, ukiufungia unazaa.
Jioni: gogo jeusi, chungu kama shubiri.
Mbwa wa Lajos alilinusa, akanitazama usoni,
akaenda zake kunywa maji ya dimbwi.

"Mwache apite," Lajos akasema.
Moshi kwake ni mtu.
"Akikaa, anaoza."

Sasa ni Novemba, saa kumi alfajiri,
baridi inauma hadi kwenye jino lililong'olewa.
Nimewasha matawi ya mtufaha, makavu ya mwaka jana.
Moto umo ndani ya sefu, unanguruma kwa adabu.
Pesa zilipotoroka, wenyewe umekaa.
Tundu la hewa wazi, upana wa vidole viwili.
Na moshi, mwembamba, wa buluu,
unapanda ngazi za shule iliyobomolewa
bila kukimbia, bila kusukumana.

Lajos amesinzia kwenye kiti cha plastiki, blanketi hadi kidevuni.
Nimesikiliza kifua chake muda mrefu
kuliko nilivyoangalia kipimajoto.

Nikafunua kifuniko niinyunyizie nyama siki.
Kando ya kidari, kwenye wavu wa juu,
amelala samaki mmoja, kapasuliwa mgongoni, kapakwa chumvi
kwa namna ya nyumbani, namna ya akina mama zetu.

Sikumweka mimi.

Nikatazama dirishani. Taa ikazimwa haraka.