Kulwa, Doto na Shija

Usiku wa tatu nakesha na boksi la chuma.
Nililinunua Makoroboi, la mtumba,
ubavuni bado lina namba ya ofisi iliyofungwa,
na feni yake, nilipoifungua, imejaa
mbu wa ziwani, wale wasiouma,
wanaokuja kama moshi na kufa kama majivu.
Nimelisugua kwa mswaki mkuukuu.
Sasa linapumua. Linauliza:
nikuwekee mfumo gani?

Mfumo wa kwanza ni mrembo.
Umepangwa kama sebule ya kupokelea wakwe,
kitambaa juu ya kila kiti;
lakini kila mlango una kufuli, na kila mwaka kodi.
Siku nikikosa kodi
picha zangu nitazichungulia dirishani.

Wa pili ni wa bure, sifa zake zimeenea,
ila unakula kumbukumbu
kama msiba unavyokula mchele.
Gigabaiti zangu nne, kwake, ni kitafunio.

Wa tatu hauna sura.
Herufi nyeupe gizani, basi.
Unakutazama, unangoja uandike.
Ukikosea nukta haukukaripii:
unatii.

Mahona, fundi wa Nyakato, akanena:
"Chagua ule ambao ukiharibika saa nane za usiku
utajua pa kuushika."
Nikamwona ana hekima.
Kisha akanidai elfu tano.

Mama hana habari na mifumo.
"Mimi nataka nikibonyeza, baba yako aongee."

Baba yumo katika video ya dakika nne.
Amekaa juu ya jiwe, nyuma ya nyumba, Mabatini,
anamenya chungwa,
anaapa ganda halitakatika, na kweli halikatiki,
anacheka, simu inaanguka, mwisho.
Nakala iliyobaki ni moja.
Ya simu ya Limi ilizama pale Kamanga.
Ya flashi aliifuta kijana
aliyetaka nafasi ya miziki yake.

Wa tatu, basi. Nimeuchagua huo.
Nikatia diski mbili, sawasawa kwa umbo na ukubwa,
nikaziita Kulwa na Doto:
anachoandika Kulwa, Doto anaandika papo hapo.
Nikalala kama mtu mwenye ng'ombe.

Asubuhi, kwa kidole changu mwenyewe,
nikafuta folda nzima ya harusi ya Limi.
Nikamkimbilia Doto.
Doto naye alishafuta.
Utiifu uleule, sekunde ileile.

Pacha si akiba.
Pacha ni kioo: ukijikata kidevu
nacho kinatoka damu.

Kwetu, wakishazaliwa mapacha,
anayefuata hatafutiwi jina; jina ndilo linalomsubiri.
Nikauza redio, nikanunua diski ya tatu.
Shija.
Shija hakai na ndugu zake, hawashiriki waya.
Anaishi Nansio kwa Limi,
ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati,
ambako radi ya Mwanza haimjui.
Mwisho wa mwezi anavuka kwa meli,
ndani ya pochi, kati ya miwani na tiketi,
analala kwetu usiku mmoja, anashiba yaliyo mapya,
kesho yake anarudi zake.

Jumapili nikamkabidhi Mama rimoti.
Akabonyeza.
Umeme haukukatika, sijui kwa nini.
Baba akamenya chungwa, ganda likashuka taratibu
mpaka likagusa jiwe.
Mama akarudisha nyuma. Akarudisha tena.
Feni ilikuwa ikivuma, mimi nikijidai natazama taa ya kijani.

"Huyo Shija," akauliza, macho yakiwa runingani,
"naye anaye?"
"Anaye, Mama."
"Basi mwambie Limi
asimweke karibu na chumvi."