Upepo wa Shilingi Kumi

Mtoto wa dada yangu Mmbone, kule Uswidi,
alilia saa nne asubuhi akikunja magoti tumboni.
Saa tano walikuwa hospitali.
Saa nane na nusu nikapokea picha:
Elin amelala, kidole mdomoni.
"Utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo," aliniandikia,
"kama mkono wa shati lililovuliwa vibaya.
Wamempuliza upepo kwa nyuma, ukanyooka.
Upepo tu, Kageha. Hata uzi hawakushika."

Mwaka uliofuata Kisia wangu naye akalia.
Magoti vilevile.
Akatulia, akacheka hata, akalia tena.

Jumapili mama mkwe alisema ni meno.
Jumatatu, duka la dawa pale Mbale: chupa ya minyoo.
Jumanne, zahanati, foleni hadi langoni,
mhudumu akampapasa mara moja, akaandika amiba.
Nilimwambia habari ya shati.
Alinitazama kama mtu ambaye hajala tangu jana,
na huenda hakuwa amekula.

Jumatano nepi ilikuja na kamasi na damu,
rangi ya zambarau iliyokanyagwa.
Rufaa. Gari la wagonjwa lipo, mafuta hayapo.
Baba yake aliuza mbuzi kwa bei ya kuku.

Kisumu tulifika usiku wa manane.
Daktari Nyagudi, macho mekundu, mikono ya upole,
alisema, "Siku ya kwanza ningepuliza."
Kisha akatazama ukuta, akajisahihisha:
"Siku ya kwanza ningepasua. Mashine ya kuonea
ina mwaka haijawaka. Lakini ningepasua
utumbo ungali hai."

Ijumaa sitaisimulia.

Chavakali, njia panda, kuna kijana anayejaza tairi.
Baiskeli shilingi kumi, pikipiki ishirini.
Pampu yake huguna, halafu ssss,
nami miguu hukataa kupita.
Upepo tunao, jamani.
Unashuka vilima vya Maragoli usiku kucha
ukitafuta bati la kung'oa.

Leo nimefua nguo zake, za kumpa mtoto wa jirani.
Lile shati la manjano, mkono mmoja umejimeza.
Nilitaka kuuvuta kwa vidole.
Nikaingiza uso kupitia pindo,
ndani mle bado kuna harufu ya mafuta yake,
nikapuliza.

Ukatoka wote. Mara moja.