Mbivu na Mbichi

Julai, Lutengano. Sakitu imelala juu ya pareto
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Leo nimefungua ghala, nimeanza na kreti lako,
lile ulilochuma Januari mbio mbio
kwa kuwa lori la Mwalongo lilisimama Tandala
injini ikinguruma, na bei ilikuwa bei.
Alibeba saba. La nane lilikosa nafasi.

Nakwambia nilichokikuta, si kwa kukusuta:
yamejikunja. Ngozi imekuwa ya bibi Enelisia
siku zile za mwisho, akiomba maji kwa macho.
Nimeuma moja. Halina kosa, wala ladha.
Ni kama kusalimiwa na mtu anayesoma simu.

Mimi, unakumbuka, nilikataa kuchuma.
Nilikwenda zahanati kwa Sesilia Chaula
kuomba ayodini ya vidonda.
“Nani kaumia?”
“Hakuna. Nataka kumpima asiyesema.”
Akacheka, akanijazia kichupa cha dawa ya kikohozi.

Nikakata tufaa kwa upana, nyota ya mbegu ikanitazama,
nikadondosha. Likawa jeusi lote, usiku wa manane:
wanga mtupu, sukari bado iko njiani, inakuja kwa miguu.
Wiki iliyofuata, jeusi.
Ukapita na kidumu chako cha ulanzi,
ukasema dada amegeuka mganga wa matunda.
Wewe unayejua vizuri kabisa
kwamba ulanzi wa asubuhi hunyweshwa watoto
na wa kesho yake huvunja ndoa.

Wiki ya tatu, kukapambazuka:
moyo mweupe, pembezoni bado giza.
Hapo. Si jana, si Jumapili ijayo. Hapo.

Nilisubiri umande ukauke.
Huvuti. Unaliinua kwa kiganja, unazungusha kidogo,
kama unamtoa mtoto titi kinywani akiwa usingizini,
nalo linakuja lenyewe na kikonyo chake.
Lililoguswa na ukucha nikatenga.
Lililoanguka nikatenga, hata lilipocheka.
Jioni ile ile yote yakalala
kando ya ukuta wa kusini, ambao jua haliujui.
Usiku nafungua dirisha baridi iingie,
alfajiri nafunga kabla haijatoroka.

Yanapumua, unajua? Ingia unyamaze, utayasikia kwa pua.
Mama Tuliza huja kuazima moja,
analitia kwenye gunia la parachichi, siku nne zimeiva.
Pumzi ya moja yatosha gunia.
Basi kila Jumamosi napekua, rafu kwa rafu,
namsaka mgonjwa kabla hajawapumulia wenzake.

Lakini nami nilikosea, nikuambie.
Ule mti wa baba, wa karibu na kaburi,
niliuacha hadi Aprili. Sikuwa na mkono wa kuugusa.
Matufaa yake yalikuwa mekundu kuliko yote,
nikayapa rafu ya juu, kama wageni.
Mei hiyo hiyo yalikuwa unga.
Ukibonyeza, kidole kinazama.
Ndani, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Nilikaa sakafuni nayo, sikupima chochote.

Ya Februari yapo. Nimelipasua moja sasa hivi,
mlio wake umemwamsha paka.
Kesho Mwalongo atapanda, ataligeuza mkononi,
ataniuliza kama yametoka Afrika Kusini,
nami nitamtajia bei ya Afrika Kusini.

Kreti lako nimewapelekea nguruwe.
Nao walisita kidogo.
Sita nzuri nimekuwekea kwenye maranda, chini ya kitanda,
mbali na viazi.
Kichupa bado kina matone.
Januari uje kabla ya lori.