Kijiko cha Tatu

Msimu wa mabibo haumwonei mtu huruma hapa Mangamba.
Upepo ukigeuka unaruka ukuta bila hodi,
unaingia chumba cha wanaume kumi na mmoja
na harufu ile ile, tamu, kali, imeanza kuchacha.
Mfaume hujifunika shuka hadi utosini.
Likumbo huanza kaswida kwa sauti mbovu.
Mimi nahesabu.
Siku mia na kumi na nne.

Nilikuwa karani wa mizani, chama cha msingi,
kijiji sikitaji, wapo wanaonidai.
Gunia nililijua kwa bega kabla halijapanda mizani.
Nilijua pia namna kidole kinavyoegemea:
kilo mbili hapa, tatu pale,
ukijumlisha jioni ni chupa,
na chupa ya gongo haina risiti.
Mjane mmoja alinitazama usoni, akauliza,
"Mwanangu, korosho zangu zimekonda njiani?"
Nikamjibu, "Zimekauka, mama."
Jibu hilo hunifuata mpaka msalani usiku.

Wengi humu ni wa unga.
Arosto yao ilikuwa ya kugaragara,
mifupa ikidai deni la kila saa.
Yangu ilikuwa ya mikono:
kikombe cha uji kiligonga meno kama kengele ya shule.
Bi Somoe, msimamizi wetu, hakusema pole.
Alinipa ufagio.
"Shika kitu kirefu," akasema,
"kitetemeke chenyewe."

Juzi akanikabidhi ufunguo wa kabati la sukari.
Mimi!
Asiyeishi humu atacheka. Sukari ndiyo dhahabu ya nyumba hii,
mwili uliozoea ulevi unaililia
kama mtoto aliyeachishwa ziwa.
Vijiko viwili kwa kikombe, vya bapa, si vya mlima.
Kila kijiko kinaandikwa kwenye daftari.
Nasawazisha kwa kidole,
kidole kile kile.
Nafunga. Najaribu kufuli. Nafika mlangoni,
narudi kulijaribu tena.

Usiku wa Ijumaa Mfaume alinijia, miguu peku.
Hakutaka sukari.
"Ufunguo upo?" "Upo."
"Nionyeshe." Nikamwonyesha.
Akakaa sakafuni, nami nikakaa,
tukazungumza bei za mnada wa mwaka ule wa neema,
nani alinunua pikipiki, nani alioa mke wa pili
akamwacha kabla ya mvua,
mpaka adhana ya alfajiri.
Harufu ilikuwepo muda wote. Hatukuitaja.

Jumapili akaja dada yangu Asumini, kutoka Nanyamba,
mara yake ya kwanza.
Alileta korosho alizobangua mwenyewe, kopo la maziwa limejaa,
vidole vyake bado vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Na habari za mama: jicho la kushoto halioni tena,
la kulia linakisia.
Tulikaa kwenye benchi, pochi yake kati yetu.
Hakuiangalia.
Mkono wenyewe uliihamishia upande wa pili,
kama mtu anavyofukuza nzi huku maneno yakiendelea.
Alipokwenda msalani, alikwenda nayo.

Sikuulaumu mkono ule.
Mwalimu wake ni mimi.

Nikaenda kabatini, nikakoroga chai.
Alionja, akakunja uso,
kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza
tangu ashuke kwenye bodaboda.
"Wewe! Sukari gani hii? Unanitafutia kisukari?"
"Wiki ijayo nitapunguza," nikasema.
Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.
Alikinywa kikombe chote,
akakwangua masalia chini kwa kijiko
kama tulivyofanya utotoni, mama akitukemea.

Yake ilikuwa na vijiko vitatu.
Yangu, kimoja.
Kwenye daftari la Bi Somoe niliandika:
vikombe viwili, vijiko vinne.
Hesabu imekaa.