Kilo Mbili Zaidi

Sikukuu ya mavuno mwaka huu imeangukia Ijumaa,
bosi akatuongezea Jumatatu, kwa mara ya kwanza
tangu nianze kumpigia hesabu.
Kutoka Jeju hadi Osaka ni mwendo wa kikombe kimoja cha chai
na fomu mbili. Fomu ikauliza: Unakwenda kwa nani?
Nikaandika: kwa shangazi. Kisanduku kilikuwa kidogo,
hakikutosha miaka sabini na kitu.

Alitupokea ngazini, aproni bado kiunoni,
akamshika mwanangu mashavu, akamwita kwa neno
ambalo sijalisikia tangu bibi azikwe.
Kwetu kijijini hakuna anayelitumia tena.
Lugha yetu ilikwenda shule, ikahamia mjini, ikavaa viatu;
ya kwake ilibaki peku,
ina umri uleule wa miaka kumi na miwili,
inakaa juu ya duka la baiskeli, mtaa wa Ikuno.

Kazumi, bintiye, hajui lugha yetu.
Mimi sijui yake. Tukazungumza kwa sahani:
akisukuma, nala; nikisukuma, anakula.
Watoto hawakuhitaji hata sahani.
Walikuwa na simu moja
na kelele za kutosha nchi mbili.

Usiku wa pili shangazi akafungua chupa
ya jamu ya machenza niliyomletea.
Hakuonja. Alinusa, akafunga, akafungua tena.
Kisha akauliza habari za nyumbani.
Si za watu. Watu aliwahesabu kwa vidole,
vidole vikaisha, akaacha.
Aliuliza ukuta.
Ule wa mawe meusi, upande wa kisima,
uliojengwa na mianya, upepo upite usiuangushe.
"Bado umesimama?"

Nilikuwa na samaki mdomoni.
Nikamtafuna taratibu, kama anayetafuta mwiba.
Ukuta ulibomolewa mwaka juzi.
Pale sasa pana nyumba ya wageni, kioo kitupu,
na kibwawa ambamo watu wa Seoul
hupiga picha za miguu yao.
"Umesimama, shangazi."
Na kwa kuwa uongo hauwezi kulala peke yake, nikaongeza:
"Mwaka jana tuliung'olea magugu."
Akaitikia kwa kichwa. Akaniongezea wali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu, shangazi alinipa mfuko:
plasta za mgongo, sabuni, kari ya vipande,
soksi jozi saba (sisi tuko watatu),
na kitu kilichofungwa kitambaa, kikafungwa tena.
"Hiki utafungua ukifika."

Uwanja wa ndege, mizani ikasema: kilo mbili zaidi.
Binti wa kaunta akatabasamu
kwa adabu ile isiyopunguza bei.
Nikatoa sabuni. Nikatoa kari.
Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.
Tae-o ndiye aliyefungua kitambaa.

Jiwe.
Jeusi, lenye vitundu, ukubwa wa mkate.
Na kikaratasi, herufi nono kama za mtoto:
*Nililichomoa usiku ule tulipoondoka.
Safu ya tatu kutoka chini, kushoto ya kisima.
Pengo lake lipo. Lirudishe.*

Binti wa kaunta akauliza kama ningependa kuliacha.
Nikalipa kilo mbili.

Sasa liko juu ya meza ya jikoni,
kati ya chumvi na bili ya maji.
Mume wangu huliegemezea gazeti.
Shangazi amepiga simu mara mbili,
sauti inakuja na kengele za baiskeli nyuma yake.
"Limeingia?"
"Limeingia."
"Halichezi?"
Nalisukuma kidogo kwa kidole,
nakunja karatasi, nachomeka chini yake, nasukuma tena.
"Halichezi, shangazi."